Nani Aliwaua Samaki wa Mama Vizimba?

Jumanne, saa kumi na mbili na robo asubuhi, Mama Vizimba alifika kwenye vizimba vyake vya samaki akakuta maji yamejaa matumbo meupe. Samaki walikuwa wamelala ubavu, midomo wazi, kama watu waliokatwa maneno. Alipiga yowe moja tu, likatosha. Ghuba ile ni ndefu na nyembamba kama soksi: mdomo wake uko baharini, kidole chake kimefungwa huko ndani, na sauti ikishaingia humo haina pa kutokea.

Yowe lilimkuta Bi Mishale akifungua madirisha ya maabara. Jina lake halisi lilishasahaulika kazini kwa sababu ya ile skrini kubwa aliyoitundika ukutani. Kazi yake ilikuwa kuifundisha kompyuta tabia za ghuba. Aliikata ghuba nzima vipande vidogo vya mraba, kama karatasi ya hesabu, kila kimoja na kina chake, halafu akaiuliza kompyuta: upepo ukivuma hivi, maji ya hapa yatawasukuma majirani zake kiasi gani? Kompyuta ikapiga hesabu, ikachora mishale ya buluu kuonyesha maji yanaelekea wapi. Wenye boti walipita kuitazama dirishani. Watoto wa shule nao, ingawa hao walikuja zaidi kwa ajili ya feni.

Ila mteja wake mkubwa alikuwa Mzee Barafu, fundi mkuu wa kiwanda cha barafu kilichoko kule kidoleni mwa ghuba. Kila asubuhi alileta ndoo ya barafu ya kupozea chupa za sampuli, akasimama mbele ya skrini, mikono nyuma. "Haya, binti yangu. Leo mishale inasemaje?" Jana yake, Jumatatu, aliuliza hata ya usiku. Akaonyeshwa, akacheka, akasema upepo wa kutoka baharini ungemnyima usingizi, bati la nyumba yake linapiga ngoma. Akaenda zake.

Basi, yowe liliposikika, Bi Mishale alishuka mbio mpaka gatini. Wa kwanza kumwona alikuwa mdogo wake.

Huyu walimwita Kimya. Watu walimpa jina hilo kwa utani, maana tangu azaliwe hajawahi kunyamaza. Mama yao alisema hata usingizini anabishana. Alikuwa mlishaji wa samaki wa Mama Vizimba, na usiku alilala kwenye boti karibu na vizimba kama mlinzi. Asubuhi ile alikuwa amesimama ndani ya boti, suruali imelowa mpaka magotini, anawatazama samaki.

"Dada, nililala," alisema. "Nililala kama gogo. Sikusikia kitu, wallahi."

"Nyamaza kwanza," dada yake akamwambia.

Angemsikiliza, hadithi hii ingekuwa fupi.

Saa mbili Inspekta alifika. Mjini walimwita Inspekta Polepole, na yeye alilijua jina hilo na hakulichukia. Alikuwa mtu mnene, mtaratibu, mwenye kawaida ya kuuliza swali na kungoja jibu mpaka aliyeulizwa aone aibu. Alizunguka gati, akanusa maji, akapanda kwenye boti ya Kimya. Akainua dumu la njano.

"Hili la nini?"

"Dawa ya kusafishia nyavu, afande. Liko humo siku zote. Mama mwenyewe anajua."

"Limebaki nusu. Juzi lilikuwa limejaa?"

"Nani anapima dumu, afande? Mimi nalisha samaki, silishi madumu."

Inspekta hakucheka. "Usiku uliegesha wapi?"

"Upande wa baharini. Upepo ulikuwa unatoka huko. Ukilala upande wa pili, harufu ya chakula cha samaki yote inakujia wewe; unaamka unanuka mpaka paka wanakusindikiza nyumbani."

"Na juzi jioni, mbele ya watu, ulimwambia nini Mama Vizimba?"

Hapo ndipo Kimya alipolitendea haki jina lake. Aliyejibu ni Mama Vizimba, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kitenge amekifunga kiunoni kama mtu anayesubiri ngumi.

"Aliniomba likizo, nikamwambia angoje. Akasema, 'Siku moja utawakuta hawa samaki wako wamekufa wote, ndipo utakumbuka kunipa mapumziko.' Watu sita walisikia."

"Nilikuwa na hasira, mama! Mtu akiwa na hasira anasema hata atahama dunia. Mbona hahami?"

Mdomo uliponza kichwa. Inspekta alimwambia apande gari.

Daktari wa mifugo alipiga simu kwamba samaki wachache wawekwe kwenye barafu mpaka atakapofika kuwapima. Mama Vizimba akatuma mtu kiwandani na ndoo mbili. Mtu akarudi na ndoo zilezile, tupu.

"Wanasema leo hakuna barafu. Mashine imepumzishwa."

"Siku ya kufa nyani miti yote huteleza," alisema Mama Vizimba. Bi Mishale akawachukua samaki wanne, akawatia kwenye friji ya maabara, kati ya chupa za maji ya ghuba na chupa yake ya maziwa.

Saa nne Inspekta aliingia maabara na askari mmoja kijana.

"Naambiwa mashine yako inajua maji yalitoka wapi."

"Inajua, afande. Lakini lazima nikwambie, uliyemkamata ni mdogo wangu, tumenyonya ziwa moja."

"Najua. Ndiyo maana huyu kijana atasimama hapa aone kila unachobonyeza." Akavuta kiti. "Ile dawa ya nyavu, ikimwagika inazama au inaelea?"

"Inaelea. Inatanda juu kama sabuni."

"Basi nionyeshe maji ya juu. Yaliyofika vizimbani alfajiri yalitokea wapi?"

Bi Mishale aliingiza upepo wa usiku ule, jinsi kipimo cha juu ya paa kilivyouandika: umetoka baharini tangu jua kuzama mpaka asubuhi, haukugeuka hata mara moja. Halafu akaiambia kompyuta irudishe maji nyuma, kama mtu anayekunja mkeka. Nukta nyekundu ilianza pale vizimbani, ikaenda kinyume cha mishale, taratibu, kuelekea mdomo wa ghuba. Ikapita juu ya duara dogo ambalo Inspekta alikuwa ameliweka kwa kidole. Pale ndipo boti ya Kimya ilipolala.

Feni ilizunguka. Askari kijana akakohoa.

"Dada," alisema kwa sauti ndogo, "hiyo mashine haiwezi kukosea kidogo?"

"Inaweza," alisema Bi Mishale. "Lakini mimi siwezi kuikosesha." Akachapa karatasi, akamkabidhi Inspekta.

"Alhamisi asubuhi tunampeleka mahakamani," Inspekta alisema kabla ya kutoka. "Nakwambia ili ujue."

Mchana Mzee Barafu alikuja. Siku hiyo hakuwa na ndoo. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akionekana kama hakulala.

"Pole, binti yangu. Nimesikia ya mdogo wako."

"Ahsante, mzee."

"Huyo kijana hakufanya. Mimi nakwambia. Hana kosa hata chembe." Akaitazama skrini, akatazama sakafu. "Watamwachia tu. Hakimu ana macho."

Maneno yale yalimliwaza Bi Mishale kidogo, maana siku nzima hakuna mwingine aliyeyasema.

Nyumbani hakuliwazwa na mtu. Mama yao alikuwa sebuleni anakunja nguo za Kimya. Alizikunja, akazikunjua, akazikunja tena.

"Nimesikia umempeleka ndugu yako ndani kwa karatasi."

"Niliulizwa, mama."

"Na mimi nakuuliza. Alifanya?"

"Hapana."

"Basi mashine yako ni mwongo."

"Si mwongo, mama. Mashine inajibu ulichouliza, basi."

Mama aliliweka shati juu ya meza, akalipiga kofi la kulinyoosha. "Nyie wasomi mna kazi. Haya, nenda ukaiulize vizuri. Na usinirudie na karatasi nyingine. Nirudie na mtoto."

Jumatano asubuhi Bi Mishale hakwenda kwenye kompyuta. Alikwenda gatini, maana alijua swali zuri halitoki kwenye kiti. Huko alimkuta Inspekta yuko na mtuhumiwa mwingine. Huyu alikuwa Mzamiaji, msafishaji wa nyavu za Mama Vizimba aliyefukuzwa mwezi uliopita, na alipoondoka alitukana mpaka ndege wakaruka. Leo alikuwa ameitwa kuwatoa samaki waliokufa, kwa sababu hapakuwa na mwingine anayeweza kuzamia. Maji yalikuwa bado yanamchuruzika.

"Jumatatu usiku ulikuwa wapi?" Inspekta alimuuliza.

"Hospitali. Mke wangu alikuwa anajifungua."

"Nani alikuona?"

"Afande, niulize nani hakuniona! Nilianguka pale korido. Manesi walimwacha mke wangu wakaja kunipepea mimi. Mke wangu mpaka leo hajanisamehe."

Inspekta alipiga simu hospitali hapo hapo. Alisikiliza kwa muda mrefu. Alipokata, kona ya mdomo wake ilikuwa imejikunja.

"Wanasema ulianguka mara mbili."

"Hiyo ya pili nilikuwa nimeshamwona mtoto. Ni wa kike. Nikuonyeshe picha?"

Inspekta aliitazama picha, tena kwa makini, kama kielelezo. "Hongera," alisema, akamrudishia simu.

"Na tena," Mzamiaji alisema, sasa amepata nguvu, "mimi ningekuwa nataka kumkomoa huyu mama, ningewaacha wa juu?"

"Wa juu gani?" aliuliza Bi Mishale.

"Wa vile vizimba vifupi, vinne hivyo vya karibu na gati. Nyavu zake hazishuki sana. Wazima wote, wanaruka. Waliokufa ni wa nyavu ndefu peke yao, na wamekufa kuanzia kitakoni kuja juu. Wa chini kabisa ndio waliooza zaidi."

Inspekta alimgeukia Mama Vizimba. "Ulijua?"

"Niliwaona wako hai. Nikadhani zamu yao bado. Nimekaa hapa tangu jana nangoja wafe."

Bi Mishale alichuchumaa ukingoni mwa gati. "Kaka, huko chini umeona kitu chochote? Chochote, hata cha kipuuzi."

"Kuna lile shimo chini ya nyavu ndefu, unalijua. Nilipopita juu yake maji yalikuwa yanachezacheza. Kama hewa juu ya lami jua likiwa kali. Nikasema, labda nina njaa."

"Huna njaa," alisema Bi Mishale. "Afande, tafadhali twende maabara. Dawa inayoelea haiwezi kuwaruka wa juu ikawaua wa chini. Jana tuliuliza juu, tukajibiwa juu. Hakuna aliyeuliza chini."

Kompyuta ilijua habari za chini pia. Bi Mishale alikuwa ameigawa ghuba matabaka manane, moja juu ya lingine, kama magodoro dukani. Lakini kuyapigia hesabu yote manane kulichukua muda mrefu, kwa hiyo skrini ya ukutani ilionyesha godoro la juu tu. Wenye boti walitaka hilo. Boti haiendi chini, na ikienda, mwenye boti hana haja tena na mishale.

Aliiwasha hesabu yote. Wakangoja. Askari kijana akaleta chai. Inspekta alisahau kuinywa, akawa anaitazama skrini nyeupe.

"Nieleze kama unamweleza mama yako," alisema.

"Mama yangu hataki kunisikia. Puliza chai yako, afande."

"Imeshapoa."

"Puliza tu."

Inspekta alipuliza. Vijani vya chai vilivyokuwa vinaelea vilikimbilia ukingo wa mbele.

"Upepo unasukuma ya juu, sawa? Yanakwenda mpaka ukutani. Sasa je, chai yote imehamia ukutani, upande wako pamebaki patupu?"

"Haiwezekani."

"Haiwezekani. Inayofika ukutani inakosa pa kwenda. Inazama, inakurudia wewe kwa chini. Ghuba yetu ni hicho kikombe. Upepo wa baharini ukivuma usiku kucha, maji ya juu yanaingia ndani mpaka kidoleni mwa ghuba, na ya chini yanatoka. Njia moja, safari mbili."

Inspekta alipuliza tena. Akapuliza mara ya tatu. Askari kijana naye akainama juu ya kikombe chake, akidhani hakuna anayemwona.

Mchana hesabu iliisha. Bi Mishale alilifungua tabaka la saba, lile la kitakoni mwa nyavu ndefu, akairudisha nukta nyekundu nyuma. Safari hii haikwenda baharini. Iligeuka, ikatambaa juu ya sakafu ya ghuba, ikaingia ndani, ndani zaidi, mpaka kidoleni. Ikasimama mbele ya ukuta wa kiwanda cha barafu.

Bi Mishale aliitazama. Alikuwa amefurahi kwa nusu dakika kwamba si mdogo wake. Halafu akaona ni nani.

"Barafu si maji tu?" aliuliza Inspekta. "Maji yanaua samaki?"

"Twende tukayachote, afande. Sitaki kusema kitu kwa karatasi tena."

Walikwenda na boti ya maabara mpaka juu ya shimo. Bi Mishale alishusha chupa ya kuchotea maji ya kina, ile inayojifunga ikifika chini, akaivuta kwa kamba. Kipima chumvi kilipanda mpaka mwisho wa namba zake kikakwama. Bahari haina chumvi namna ile. Alipofungua kizibo zaidi, harufu ilichomoka ikawakamata pua.

Inspekta alirudi nyuma, macho yakamtoka machozi. "Nini hii?"

"Amonia. Ndiyo gesi inayopoza mashine za barafu. Inapita kwenye mabomba, na mabomba yamelazwa ndani ya matangi ya maji ya chumvi kali, ambayo hayagandi. Makopo ya barafu yanazamishwa humo. Bomba likitoboka, amonia inaingia kwenye yale maji ya chumvi, na barafu yote itanuka. Inabidi uyatoe yote, uweke mengine." Akafunga chupa. "Maji ya chumvi kali ni mazito. Ukiyamwaga ghubani hayaelei. Yanakwenda chini, yanakutana na mkondo unaotoka, yanasafiri nao mpaka yakute shimo. Na vizimba virefu viko juu ya shimo."

"Na matangi yakiwa matupu," Inspekta alisema polepole, "siku hiyo hakuna barafu."

"Hakuna barafu."

Wakati huo simu ya Inspekta ililia. Alikuwa daktari wa mifugo, aliyefika maabara jana yake jioni kuwachukua samaki. Matamvua ya samaki wale wanne yalikuwa yameungua. Dawa ya nyavu hakuiona hata tone.

Saa kumi na moja jioni walifika kiwandani: Inspekta, Bi Mishale, na Mama Vizimba, aliyekataa katakata kubaki. "Samaki ni wangu, na mimi sitaingia kimya," alisema. Lakini alipoingia akanyamaza, kwa sababu mle ndani kulikuwa na baridi ya kunyamazisha. Mitambo ilikuwa inanguruma. Kuta zilitoa jasho. Mzee Barafu alikuwa anafuta geji kwa kitambaa. Alipowaona wote watatu, aliendelea kuifuta geji ileile ambayo tayari ilikuwa inang'aa.

"Karibuni. Leo barafu ipo, Mama. Nitakupa bure."

"Matangi yana maji mapya?" aliuliza Inspekta.

"Mapya."

"Ya zamani yalikwenda wapi?"

"Yalichukuliwa na gari."

"Gari gani? Mlinzi wako wa getini anasema tangu Jumamosi hajafungulia gari."

"Mlinzi huyo analala."

"Analala, ndiyo. Lakini geti halifunguki mpaka aamshwe, maana funguo anazilalia. Nimemuuliza."

Inspekta akangoja. Alikuwa bingwa wa kungoja. Mitambo ikanguruma, tone likadondoka mahali fulani, Mzee Barafu akafuta geji.

Bi Mishale ndiye aliyeshindwa kuvumilia. "Mzee, Jumatatu uliniuliza mishale ya usiku. Miaka yote hujawahi kuuliza ya usiku. Nikadhani kweli ni bati la nyumba yako."

Kitambaa kilisimama.

"Ilikuwa inaingia ndani, binti yangu," alisema Mzee Barafu. Hakumtazama Inspekta; alimtazama yeye. "Niliiangalia kwa macho yangu haya. Mishale yote inatoka kwa Mama inakuja huku kwangu. Nikasema, basi, nikimwaga leo usiku hayatamfikia. Yatabaki hapa pembeni, yatapungua nguvu yenyewe. Nilingoja siku nne mpaka upepo huo uje. Ningekuwa mtu mbaya, ningengoja?"

"Skrini inaonyesha maji ya juu tu, mzee."

"Ya juu? Kwani maji yana ghorofa?"

"Yana ghorofa nane. Ya chini yalikuwa yanatoka."

Mzee Barafu alikaa juu ya ngazi ya chuma. Alikaa kwa awamu, kama wazee wanavyokaa, mkono kwanza, halafu goti, halafu uzito wote. "Ghorofa nane," alisema. "Na mimi nimeiangalia kila siku."

"Kwa nini hukuita gari la kuyachukua?" aliuliza Inspekta.

"Gari linaitwa na tajiri. Tajiri angeuliza amonia imeingiaje. Mwaka jana alinipa mabomba mapya, akaniambia badilisha yote. Nilibadilisha nusu. Mengine niliyagonga, nikayasikiliza, nikasema haya bado mazima, fundi ni mimi. Nikamwambia nimeyabadilisha yote. Watu wanakuja kutoka mbali kuniuliza mimi kuhusu mashine, afande. Ningeanzaje kusema nimeshindwa kusikia bomba bovu?"

"Mficha maradhi kilio humfichua," alisema Mama Vizimba. Alisogea, akasimama mbele yake. Bi Mishale alidhani atampiga. "Samaki naweza kuwalia nikanyamaza. Lakini mtoto wa watu? Amelala ndani siku mbili, na wewe unajua. Ulikwenda kwa dada yake ukampa pole! Ulikuwa unangoja nini?"

"Nilikuwa nangoja wamwachie." Sauti yake ilikuwa ndogo, mitambo karibu iimeze. "Nilijua hana kosa. Nikadhani mtu asipokuwa na kosa, inatosha."

Inspekta alimpa mkono akamsaidia kuinuka. Mzee aliomba azime mashine kwanza, na Inspekta akamruhusu. Akazungusha valvu moja baada ya nyingine, kwa mpangilio, mpaka ukimya ukaingia chumba kizima. Kisha akavua ovaroli, akaikunja, akaiweka juu ya ngazi.

Alhamisi asubuhi Kimya hakwenda mahakamani. Aliachiwa saa moja, hajapiga mswaki, anaongea kabla ya mlango kufunguliwa vizuri. Mama yao alikuwa ameamkia kituoni. Alimshika masikio yote mawili kama anakagua chungu sokoni, akaona hakuna ufa, ndipo akalia. Halafu akamwambia aende nyumbani akalale.

"Nikalale nini, mama? Wale wa vizimba vifupi hawajala tangu juzi. Nani amewalisha? Hakuna! Wote mnashughulika na wafu."

Kwa hiyo Bi Mishale alimsindikiza gatini. Mama Vizimba alikuwa ameshafungua gunia la chakula. Alimwambia Kimya baada ya kulisha achukue likizo wiki nzima, na Kimya akamjibu kwamba sasa haitaki, alishapumzika huko alikotoka. Wakacheka wote wawili, kicheko cha watu waliochoka. Dada na mdogo wake wakaingia kwenye boti.

Kimya alirusha konzi ya kwanza ya chakula. Maji yakachemka samaki. Alirusha ya pili, ya tatu. Kwa mara ya kwanza dada yake aliona mtu huyu anaweza kufanya kazi bila kusema, na jambo hilo likamtisha kuliko kelele zake zote.

"Kimya," alisema, "ile karatasi ya kwanza, iliyokuonyesha wewe..."

"Najua. Askari aliniambia. Alisema ulimpa Inspekta bila kupepesa macho."

"Nilipepesa. Hakuniona."

Kimya alifuta mikono kwenye suruali. Akalitazama gunia, akaitazama ghuba, akamtazama yeye.

"Dada, siku nyingine mashine yako ikisema mimi ni muuaji, njoo uniambie mimi kwanza."

"Nitakuja."

"Usimtume mtu. Njoo mwenyewe."

"Nitakuja mwenyewe."

"Halafu," alisema Kimya, akimsogezea gunia ili naye achote, "nenda ukamwambie Inspekta."